Eriali ya dirishani, ya balkonini au ya paa: ipi inafaa fleti yako Kisumu?

Anayehamia fleti mpya huingia dukani na swali moja: eriali gani ni nzuri? Muuzaji humwonyesha boksi lenye maandishi makubwa, maili 200, busta (kikuza mawimbi) ndani, na biashara inaisha. Lakini kuna swali linalotangulia hilo. Kitakachoamua kama utatazama habari za saa moja bila picha kuganda ni upande ambao madirisha yako yanatazama, ghorofa unayoishi, na kilichosimama kati yako na mnara wa kurushia matangazo. Nimeona eriali ya bei ya chini kabisa ikishika kila chaneli Milimani, na ya bei ghali ikihangaika Manyatta kwa sababu imefichwa nyuma ya runinga, ukuta wa zege mgongoni mwake.

Kwa hiyo ninalinganisha eriali hizi kwa macho ya mpangaji: mtu asiye na ruhusa ya kutoboa ukuta anavyotaka, anayeweza kuhama mwakani, na ambaye ufunguo wa kwenda juu ya paa uko mfukoni mwa keateka. Mwenye nyumba yake na uwanja wake ana njia rahisi, asimamishe mlingoti wake.

Ukuta kwanza

Tangu Kenya izime matangazo ya analogi mwaka 2015, runinga ya bure hutufikia kwa mfumo wa dijitali uitwao DVB-T2 katika masafa ya UHF, kuanzia karibu megahezi 470 hadi 694. Urefu wa wimbi moja hapo ni kati ya sentimita 43 na 64. Namba hizo zinaamua mengi ndani ya nyumba. Wimbi la urefu huo hupenya kioo bila shida. Ukuta wa mawe au matofali hulipunguza, zege lenye nondo hulipunguza zaidi, na mabati hulirudisha lilikotoka.

Sasa tazama dirisha la fleti ya kawaida hapa mjini. Kuna kioo, kuna grili, na kuna wavu wa mbu, kwa maana kando ya ziwa hakuna anayelala bila wavu. Grili zenye nafasi pana hupunguza mawimbi kiasi, si tatizo kubwa. Wavu ndio wa kuangalia. Ukiwa wa nailoni au plastiki, mawimbi hupita tu. Ukiwa wa waya wa chuma, ule ambao mafundi hupigilia kwenye fremu ya mbao, matundu yake ni madogo mno kwa wimbi la nusu mita, na dirisha zima huwa sawa na ukuta. Jirani yangu wa zamani Migosi alikuwa ameibandika eriali bapa kwenye kioo cha sebuleni, juu kabisa, imenyooka vizuri. Nje ya kioo kulikuwa na wavu wa waya. Dekoda ikawa inaandika hakuna mawimbi. Tuliibandua, tukaipeleka kwenye kidirisha cha jikoni kisicho na wavu, kebo ikapita juu ya mlango. Mstari wa ubora uliokuwa chini ya robo ukapanda ukapita nusu, na KTN ikatulia papo hapo. Eriali ni ile ile, kebo ni ile ile.

Vioo vyeusi vya kuakisi jua, vile vinavyong'aa kwa nje, vina utando mwembamba wa metali na huzuia mawimbi pia. Majengo mapya yanavipenda sana. Ukiwa na kioo cha namna hiyo, eriali ya kubandika ndani haikufai hata iwe na sifa gani, labda dirisha likae wazi.

Baada ya hapo jua mnara uko upande gani. Huhitaji programu ya simu. Toka nje uangalie paa za nyumba za chini zilizo karibu, zile zenye eriali za mbavu juu ya mlingoti. Acha zilizoota kutu, huenda zilielekezwa enzi za analogi na hakuna aliyezigusa tena. Angalia zinazong'aa. Kama tano kati yake zinatazama upande mmoja, umepata jibu. Tazama pia mbavu zimelala au zimesimama, kwa maana mawimbi hutumwa kwa namna moja kati ya hizo mbili, na eriali iliyolala kinyume na mawimbi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hata ikielekezwa sawasawa.

Kisumu imekaa kati ya ziwa na milima: Riat kaskazini, na ukingo wa Nandi ukiendelea mashariki juu ya tambarare ya Kano. Mawimbi ya UHF hayapindi vizuri juu ya mlima. Anayekaa Nyalenda au Nyamasaria ana uwazi mkubwa mbele yake. Aliye Kiboswa, au kwenye bonde dogo upande wa Maseno, anaweza kuwa na kilima kati yake na mnara uleule. Ushauri wa shemeji yako wa Ahero kuhusu eriali yake unaweza kuwa kweli tupu kwake na usikusaidie wewe hata kidogo.

Na kama dirisha lako pekee linatazama ukuta wa jengo jirani? Usikate tamaa. Mawimbi hugonga ukuta ule na kurudi, na DVB-T2 imetengenezwa kuvumilia mwangwi wa namna hiyo ambao zamani ulileta picha mbilimbili. Elekeza eriali kwenye jengo la mbele badala ya kuielekeza kwenye ukuta wako mwenyewe uliogeukia mnara. Mara nyingi wimbi lililoakisiwa kupitia dirishani huwa na nguvu kuliko lililopita kuta tatu za zege.

Masikio na bapa: za ndani

Hizi mbili ndizo watu hununua kwanza kwa sababu hazimhitaji fundi wala idhini ya mwenye nyumba.

Masikio ya sungura, zile fimbo mbili za kuvuta, yanadharauliwa kupita kiasi. Tatizo ni jinsi yanavyotumiwa. Karibu kila mtu huvuta fimbo mpaka mwisho akidhani ndefu hushika zaidi. Urefu huo ulikuwa wa VHF, masafa ambayo chaneli zetu za dijitali haziyatumii. Kwa UHF kila fimbo inahitaji robo ya wimbi, yaani sentimita 11 hadi 16. Zirudishe ndani mpaka zibaki urefu wa kalamu, zilaze kulia na kushoto ziwe mstari mmoja ikiwa mbavu za majirani zimelala, na utashangaa. Udhaifu wake wa kweli ni kwamba yametengenezwa kukaa juu ya kitu, na kitu chenyewe kwa kawaida ni meza ya runinga, mahali pabaya kuliko pote sebuleni: chini, karibu na dekoda, karibu na chaja za simu zinazotoa makelele ya umeme.

Bapa ina faida moja kubwa inayonifanya niichague mbele ya masikio kila bei zinapokaribiana: ni nyepesi, inabandikwa juu kabisa ya kioo. Ndani yake ni foili tu iliyokatwa kwa umbo fulani, basi usilipie maneno ya boksi. Zingatia ukubwa. Zile ndogo za upana wa daftari la shule hushika kidogo kuliko zile za upana wa gazeti lililofunguliwa, kwa kuwa wimbi lenyewe ni refu. Bapa hushika kutoka mbele na nyuma sawasawa, kwa hiyo haina haja ya kuelekezwa kwa makini, lakini kwa sababu hiyo hiyo hukusanya pia makelele ya ndani ya nyumba.

Ukikaa ghorofa ya tatu kwenda juu na dirisha lenye kioo cha kawaida linatazama upande wa mnara, bapa isiyo na busta inakutosha na pesa nyingine uiweke. Ghorofa ya chini, au nyumba za ndani zinazotazama ngazi na uwanja wa kuanikia nguo, bapa itakupa chaneli chache na ugomvi mwingi.

Kuhusu maili 200: hizo ni kilomita zaidi ya 300. Ukiwa Kisumu, umbali huo unaipita Nairobi. Dunia ni mviringo, na mnara ulio mita 500 juu ya nchi inayouzunguka, huku eriali yako ikiwa mita 10 juu ya ardhi, unaweza kukufikia kama kilomita 100 hivi ikiwa hakuna kilima katikati. Hakuna foili ya kubandika dirishani itakayoibadilisha jiografia hiyo. Boksi likisema maili 200, usilihesabu hilo kuwa sababu ya kuongeza hata shilingi hamsini.

Ya mbavu, kwenye balkoni

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wapangaji wengi wa Kisumu wenye balkoni au hata dirisha lenye grili inayotokeza nje, na ninasikitika kwamba wengi huiona ni ya mabati ya kijijini.

Eriali ya mbavu hukusanya mawimbi kutoka upande mmoja na kuyakataa ya upande mwingine. Ukiwa na mbavu kama kumi, nguvu inayofika kwenye kebo ni mara kadhaa ya ile ya bapa, bila umeme wowote. Na kwa kuwa inakaa nje, haipotezi chochote kwenye kioo, wavu au ukuta. Ile ndogo, isiyozidi mita moja, inatosha kabisa mjini. Ndefu za mita mbili acha kwa walio mbali. Kwenye balkoni zitagonga watu vichwa na upepo wa jioni wa ziwani utazigeuza.

Mambo ya kufunga ni machache lakini kila moja lina uzito. Kwanza, mbele ni mbele. Mbavu fupi ndizo hutazama mnara. Ule uzio mpana au ubavu mrefu kuliko zote hukaa nyuma. Tembea mtaa wowote uhesabu zilizofungwa kinyume, hazikosekani. Pili, itenge na reli ya chuma ya balkoni angalau nusu mita, kwa kuifunga kwenye bomba fupi linalotokeza nje au kupanda juu ya reli. Ikilala juu ya reli, chuma chote kile huwa sehemu ya eriali na hesabu zote za mtengenezaji zinaharibika. Tatu, kamba ya nguo ya waya iliyopita mbele yake ni kizuizi, hasa zikianikwa blanketi zilizolowa maji. Nne, kabla kebo haijaingia ndani, iache ishuke na kupanda tena kidogo ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata waya mpaka kwenye runinga.

Idhini? Ukiifunga kwa vibano bila kutoboa, wenye nyumba wengi hawasemi kitu. Mwulize mapema hata hivyo, na umweleze kwamba utaing'oa ukihama. Wako wanaokataa chochote kinachoonekana kwa mbele ya jengo. Hapo unaweza kuisimamisha ndani ya balkoni, chini kidogo ya usawa wa reli ikiwa ukuta wa balkoni ni wa vyuma vyenye nafasi. Ikiwa ni ukuta wa zege uliojaa, lazima eriali iupite kwa juu.

Zipo pia zenye umbo la wavu au sanduku bapa la plastiki la kufunga nje, zikiwemo zinazouzwa pamoja na dekoda za kulipia. Zinafanya kazi ile ile, hazipendelei upande mmoja sana, na ni nzuri kwa aliye katikati ya minara miwili. Tusisahau kwamba matangazo ya bure nchini hurushwa na zaidi ya kampuni moja. Signet ni ya KBC, PANG ni ya kundi la StarTimes, na ADN iliundwa na Royal Media, Nation na Standard. Si lazima zote zirushe kutoka mnara mmoja. Kila kampuni hubeba chaneli nyingi ndani ya masafa mamoja, kwa hiyo chaneli hupotea kwa makundi. Ukipoteza Citizen, NTV na KTN kwa pamoja huku KBC ikiendelea vizuri, runinga yako haina ugonjwa wowote na wala dekoda haijafa. Eriali ndiyo imelielekea kundi moja na kulipa mgongo jingine. Igeuze polepole mpaka yote mawili yakae, hata kama hakuna litakalokuwa juu kabisa.

Ya paa, ya jengo zima

Ikitunzwa, hii inazishinda zote. Iko juu ya matanki ya maji, haina kizuizi, na mpangaji anakuta soketi ya eriali ukutani, anachomeka na kukaa. Ugumu wake ni neno lile, ikitunzwa.

Fanya hesabu kidogo. Ukigawa mawimbi kwa runinga mbili kwa kigawanyio cha kawaida, kila moja hupata chini ya nusu. Ukigawa kwa nane, kila moja hupata chini ya sehemu moja ya kumi. Jengo la nyumba kumi na sita haliwezi kuendeshwa na vigawanyio vitupu. Linahitaji busta nzuri juu karibu na eriali, yenye stima ya kudumu, na kebo safi mpaka chini. Majengo mengi yalianza hivyo. Kisha mpangaji mmoja akakata kebo kwenye korido akajiunganishia kwa kusokota nyaya na kufunga selotepu, mwingine akamfuata, stima ya busta ikazimwa na aliyekuja kurekebisha pampu, na sasa soketi za ghorofa ya kwanza hazina kitu.

Kabla ya kulipa dipoziti ya nyumba, omba kujaribu soketi hiyo. Beba runinga ndogo au dekoda ya rafiki kama unaweza. Usipoweza, mgongee jirani wa ghorofa ile ile umwulize kwa adabu kama ya paa inashika. Akisema kila mtu ana yake, umejua.

Ukikuta soketi inatoa mawimbi dhaifu, usiikimbilie busta ya nyuma ya runinga. Mwambie keateka muende juu pamoja. Mara nyingi tatizo ni kiunganishi kilichoingia maji au adapta ya stima iliyochomolewa. Wapangaji wakichanga kidogo kwa fundi mmoja anayejua kazi, jengo zima hupona kwa gharama iliyo chini ya kila mtu kununua bapa yake, na mimi ningependa kuona majengo mengi zaidi yakifanya hivyo kuliko kuwa na eriali arobaini zinazoning'inia madirishani.

Busta

Busta ni kama kipaza sauti cha mhubiri sokoni Kibuye: hukuza maneno yake, na hukuza pia makelele yote yaliyoingia kwenye maikrofoni. Ikiwa wimbi limefika kwenye eriali likiwa safi lakini kebo ni ndefu au limegawanywa, busta iliyo karibu na eriali inasaidia sana. Ikiwa wimbi limefika likiwa bovu, busta haina cha kukupa.

Ndiyo maana utaona kwenye menyu mstari wa nguvu umejaa na bado picha inakatakata. Dekoda na runinga huonyesha mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Soma wa ubora. Ule wa nguvu huhesabu kila kitu kinachoingia, makelele yakiwemo. Analogi ilikuonya kwa chenga kadiri mawimbi yalivyopungua. Dijitali haikuonyi, picha hubaki kamili mpaka makosa yazidi uwezo wa kurekebishwa, kisha inaganda vipande vipande na kuzimika. Mtu aliye ukingoni huona picha nzuri mchana kutwa na kuipoteza jirani anapowasha mashine.

Kwa fleti zilizo karibu na mnara, au zenye mnara wa simu juu ya jengo la pili, busta inaweza kuharibu kabisa. Simu za 4G hutumia masafa ya megahezi 700 na 800, jirani kabisa na runinga, na busta ya bei rahisi huyameza yote na kulemewa. Jaribu bila busta kwanza. Eriali nyingi za ndani zenye busta hupata stima ya volti 5 kutoka kwa dekoda kupitia kebo yenyewe. Kwenye menyu kuna sehemu ya kuwasha na kuzima stima ya eriali. Ikiwa imezimwa, busta isiyo na stima huzuia mawimbi kuliko kutokuwa nayo, na mtu huirudisha dukani akisema ni mbovu.

Kebo

Hapa nitakuwa mfupi. Nunua RG6 yenye kondakta ya shaba na wavu mzito, si ile nyembamba inayokuja kwenye boksi. Kwa masafa yetu RG6 hupoteza karibu theluthi ya nguvu kwa mita 10 na zaidi ya nusu kwa mita 20. Nyembamba hupoteza zaidi. Kata urefu unaohitaji, usizungushe mita tano za ziada nyuma ya kabati. Usiipinde kwa kona kali mlangoni. Kiunganishi cha kuzungusha ni bora kuliko cha kusukuma, na uhakikishe hakuna unyuzi hata mmoja wa wavu unaogusa waya wa katikati. Unyuzi mmoja unatosha kuua chaneli zote.

Dishi na intaneti

Dishi lina faida ya kutojali vilima. Tatizo la fleti ni anga. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta, na Kisumu iko karibu nyuzi 35 mashariki, kando ya ikweta. Dishi lake hapa linatazama juu kabisa, karibu utosini. Balkoni yenye balkoni nyingine juu yake haioni anga hiyo hata kidogo, kwa hiyo dishi lazima lipande paa, na umerudi kwa keateka na ufunguo wake. Tena mvua kubwa za alasiri za huku hukata mawimbi ya dishi, wakati UHF ya eriali haisumbuliwi na mvua.

Intaneti ni nzuri kwa mwenye waifai ya kulipa kwa mwezi, kwani vituo vikubwa hurusha habari moja kwa moja YouTube. Kwa mwenye bando la simu, saa moja ya picha ya wastani inaweza kumeza GB nzima. Kwa familia inayotazama jioni yote, hilo si badala ya eriali.

Kutafuta mahali penyewe

Hakikisha kwanza runinga yako ina DVB-T2 ndani. Zipo runinga za mitumba zilizoandikwa dijitali ambazo zina DVB-T ya kwanza peke yake. Hizo zitahitaji dekoda hata ukiwa chini ya mnara.

Fungua menyu ya kutafuta chaneli kwa mkono, mahali panapoonyesha mstari wa ubora, uiache wazi. Mtu mmoja asome, mwingine ashike eriali. Anza juu ya dirisha linalotazama mnara. Sogeza kwa kiganja kimoja kwa wakati, kisha subiri sekunde tano, kwani dekoda huchelewa kusema. Mwendo huo mdogo una maana: ndani ya nyumba mawimbi ya moja kwa moja na yaliyoakisiwa hukutana, mahali pengine yakiongezana na mahali pengine yakifutana, na umbali kati ya hali hizo mbili unaweza kuwa sentimita ishirini tu. Ndiyo sababu eriali inaweza kufa kwenye kona ya kushoto ya dirisha na kuwa hai kwenye kona ya kulia. Ukishika eriali mwili wako ni sehemu ya hesabu, hivyo iachie na urudi nyuma kabla ya kuamini unachosoma.

Pima kundi kwa kundi, si chaneli moja. Chagua mahali ambapo kundi dhaifu linakaa vizuri, hata kama lile lenye nguvu limeshuka kidogo. Kisha fanya utafutaji kamili upya, kwa maana chaneli zilizohifadhiwa katika mji uliotoka huenda hazina masafa ya hapa. Rudia kuangalia saa mbili usiku, majirani wakiwa wamewasha kila kitu. Ikiwa ubora umeshuka sana kuliko mchana, zima taa za LED za bei rahisi moja baada ya nyingine na uchomoe chaja. Unaweza kumpata mkosaji ndani ya nyumba yako.

Kwa eriali yoyote iliyo nje, balkonini au paani, zingatia radi. Eneo la Ziwa Victoria ni kati ya yanayopigwa na radi zaidi duniani, na kwetu hupiga alasiri, wakati watoto wamewasha runinga. Mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, kabla hujasikia ngurumo, chomoa kebo ya eriali kwenye runinga pamoja na plagi ya stima. Kuzima kwa rimoti hakulindi chochote, na kuchomoa stima pekee kunaiacha kebo ikiwa bado imeunganisha runinga na chuma kilicho nje. Fanya mapema. Ngurumo ikishaanza kusikika, hata kwa mbali, usiiguse kebo hiyo tena. Waonyeshe watoto waya wasiopaswa kuugusa ngurumo ikisikika, na uweke soketi mahali mtu mzima anaweza kuifikia bila kusogeza kabati.